Saa ya Kuhesabu Hatua

Natangaza rasmi, kwa heshima zote, kwamba mimi si mtu wa kudukua maongezi ya wengine. Ila katika treni ya jioni, karani mmoja na mama fundi cherehani, waliokaa mbele yangu, walizungumza kana kwamba nimelipa kiingilio.

"Daktari kasema moyo wangu una hatari," karani alisema. "Asubuhi treni, ofisini lifti, kutwa kitini, jioni chipsi. Mke wangu kaninunulia saa ya kuhesabu hatua. Hesabu yote anaiona kwenye simu yake."

"Mbona mkono mtupu, shemeji?"

"Namvalisha tarishi wetu. Yule hatulii! Nyumbani sasa naitwa mwanariadha."

Fundi alicheka hadi akafuta machozi, kisha akatulia. "Na moyo wako je, umemvalisha tarishi pia?"

Karani alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa na hata chembe ya vumbi. "Nawe unayeshinda kwenye cherehani, unatembea lini?"

"Sitembei. Kaka yangu alikuwa hivyohivyo, na tumemzika juzi. Ndiyo maana nakuuliza."

Nikainama nisipitwe na jibu, mkono wangu ukatua juu ya mgongo wa kiti cha fundi. Akaudaka.

"Na hii saa, mtoto wa shule, ni ya nani?"

Treni ikasimama. Nilitafuta uongo mzuri kama tuliozoea bwenini, nikaukosa.

"Ya baba," nikasema. "Likizo hii hunivalisha nikienda mpirani, na sasa natoka huko. Mama anadhani moyo wa baba unapona."