Randa Ang'oa Mlango

Asubuhi hiyo kijiwe kilikuwa na meza mpya. Siku zote vikombe huwekwa chini, kila mtu akilinda chake kisipigwe teke. Leo vilikaa juu ya mlango. Mlango mzima, mbao ngumu, umelazwa juu ya matofali mbele ya karakana ya seremala ambaye kijiwe kizima humwita Randa. Aliutengeneza kwa mikono yake, na jana jioni akaung'oa mwenyewe, bawaba na komeo, kutoka chumba cha bintiye wa miaka kumi na mitatu. Sasa alikuwa anakunywa kahawa kama mtu anayemeza misumari, akingoja wenzake wampongeze.

— Mwalimu kaniita, alisema. Mtoto alikuwa wa tatu darasani, sasa anavuta mkia. Ananiambia, "Mzazi, huu ndio umri wa kumsaidia." Haya, nimesaidia!

— Kwa bisibisi, alisema Antena, fundi redio.

— Kwa bisibisi, ndiyo! Zamani nikirudi kazini ananisimulia mpaka sikio linaomba likizo: nani kalia, nani kaficha chaki ya mwalimu. Siku hizi? "Shikamoo baba. Nimeshiba baba." Komeo, ka! Nyumba yangu, mlango wangu, halafu nabisha hodi kama mdai!

— Umefanya la maana, alisema Kanuni, aliyelinda geti la shule mpaka akastaafu, na kwa hiyo hujihesabu mwalimu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Leo mlango, kesho dirisha.

— Dirisha la nini tena?

— Akose pa kujificha! Tatizo ni hesabu, ndugu yangu. Siku hizi wametia herufi ndani ya hesabu. Mtoto anaambiwa, tafuta eksi. Eksi kaipoteza nani? Anatafuta mchana kutwa haioni, akirudi anajifungia aendelee kutafuta. Unafikiri atakuwa na hamu ya kuzungumza?

— Mzee, acha hizo, alisema Antena. Ni masikio. Mtoto akifika miaka kumi na mitatu anahama masafa. Wewe Randa unarusha, yeye hanasi. Binti yangu mimi nilimpandisha juu ya paa nikaongea naye akiwa huko.

— Akasikia? aliuliza Kanuni.

— Alisikia jirani.

— Sicheki! Randa alipiga mlango ngumi, vikombe vikaruka. Mtu anamzungumzia mtoto wake, nyinyi mnaleta paa!

— Hasira hasara, kaka, ndiyo maana hizi mbao ni ngumu, alisema Kanuni kwa uzito, kana kwamba alikuwa amesema kitu. Kama si hesabu basi ni mifupa. Mifupa inarefuka haraka, inavuta ulimi kwa ndani. Pale getini nimewaona: wanaingia wanaimba, likizo moja tu, wanarudi warefu na mabubu.

— Basi tumfunge mawe asirefuke, alisema Antena.

Randa aliwatazama wote wawili, akaona hakuna hata mmoja wa kumshika mkono. Alichotaka ni kimoja tu, na hakukitamka hapo: yule mtoto amsimulie tena.

Kando yao alikuwa amesimama mama mmoja mwenye kapu, amekuja kuulizia kitanda. Hakuna aliyemkaribisha. Alikuwa akiutazama ule mlango, upande wake wa ndani, palipopigiliwa msumari wa kutundikia nguo.

— Samahani, fundi, alisema. Nyumba ina watu wangapi?

— Mimi, mama yake, wadogo zake wa kiume wawili, na mdogo wangu yuko kwetu anatafuta kazi. Kwa nini?

— Basi leo asubuhi huyo binti kavalia wapi?

Antena alichungulia kikombe chake. Kanuni alitafuta methali.

— Bafuni, alijaribu Antena.

— Bafu letu la nje, alisema Randa. Tunachangia na wapangaji. Halafu akamgeukia yule mama, sauti imepanda. Mama, umekuja kununua kitanda au kunihoji?

— Kitanda. Ila na mimi nina wa umri huo.

Randa naye aliutazama ule msumari. Asubuhi sare ya binti ilikuwa imekunjamana mgongoni mpaka magotini, kola imejipinda kama sikio la mbwa, naye akamfokea mbele ya wadogo zake kwamba msichana mzima anashindwa hata kupiga pasi. Binti hakuonekana mtu aliyevaa muda huo. Alionekana mtu aliyeamka nayo mwilini.

— Toeni vikombe vyenu, alisema Randa.

— Ngoja nimalizie, kaka, haraka haraka haina...

Randa hakungoja. Aliuinua mlango na vikombe vyote juu yake, kahawa ikamwagika mapajani mwa Kanuni, akautia begani, bisibisi mkononi, akashika njia ya nyumbani.