Fungu la Mkaidi

Sikilizeni, wanangu, na mkae mahali nitakapowaona wote watatu bila kugeuza shingo, maana shingo nayo siku hizi ina mambo yake. Kifungua mimba wangu, kaa hapo dirishani. Wewe wa kati, Kipimo wangu, njoo upande huu wa ukuta. Najua hutaki kukaa karibu na dada yako, lakini chumba ndicho hiki, sina kingine. Kitinda mimba, panda kitandani uninyooshe miguu. Nina akili timamu, sijashurutishwa na mtu, na haya nitakayosema asubuhi hii ndiyo wosia wangu. Mkitaka kusema naweweseka, ngojeni kwanza nimalize.

Ofisi iliyo chini ya nyumba hii nawaachia nzima, msiikate vipande. Nilianza na meza moja na kompyuta iliyonguruma kama kinu cha kukoboa mahindi, nikimkadiria mwoka mikate mmoja mikate ya kesho yake, na leo miradi ni mingi hata mingine siijui kwa jina. Watu wa mtaani husema tunapiga ramli, waacheni waseme. Modeli ni hesabu iliyofundishwa ya jana ili ikisie ya kesho, na kama mtoto yeyote, itarudia ilichokiona kwao.

Mkiyasahau yangu yote, msisahau namna ya kuipanga miradi. Miradi haipangwi kwa jina la mteja, wala kwa ukubwa wa hesabu, wala kwa sifa za aliyeiandika. Hupangwa kwa kile kitakachoharibika siku ikikosea, na ndiyo maana tuna kundi la Mkate, kundi la Maji na kundi la Pumzi. Mradi wa Mkate ukikosea, kitu kinachacha na mtu ananuna, basi. Uacheni ujiendeshe, uangalieni pale tu utakapokosea. Wa Maji ukikosea, mtaa mzima unakaa na ndoo tupu. Huo kagueni kila mwezi, ukosee usikosee. Wa Pumzi ukikosea, kuna mtu hatarudi nyumbani. Huo hauanzishwi wala hauzimwi mpaka watu wawili wakae meza moja wakubaliane kwa midomo yao, si kwa kutumiana ujumbe.

Mkate na Maji nampa kitinda mimba. Mnamdhania ni mtu wa mzaha, kumbe ndiye pekee anayewapigia wateja simu kuuliza kama tulichowaambia kilitokea. Pumzi nawapa ninyi wakubwa wawili, kwa pamoja, na hakuna atakayeshika peke yake.

Naona mmeinua vichwa. Mlidhani sijui? Tangu dada mtu alipouzima ule mradi wa hospitali bila kumwambia mdogo wake, na mdogo mtu akageuza meza yake akampa mgongo, mnasemeshana kwa kumtuma huyu mtoto huku na huku hadi viatu vimemwisha. Kila mmoja wenu alikuwa na hoja, na hoja zenu nimezisikia zikipanda ngazi mpaka humu ndani. Wewe kitinda mimba, usiwaamulie. Wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Lakini ninyi nawaambia jembe lenyewe limechakaa.

Nipe maji kidogo. Ahsante.

Sasa nawakumbusha habari ya kile kioski cha karibu na gereji, maana mlikuwa wadogo na mnaisimulia vibaya. Modeli ilisema pale mkate hautoki, mwoka akapeleka michache. Kwa kuwa ilikuwa michache ikauzwa michache, modeli ikasema si niliwaambia, naye akapunguza tena, hadi gari la mikate likaacha kupita njia ile. Mwoka akatusifu kwamba hatukosei. Siku moja naenda pale kununua sabuni, namwuliza bibi mwenye kioski mbona hauzi mkate, akanitazama kama mgeni wa dunia hii. "Mwanangu," akasema, "wa kuula tupo. Usiofika ni huo mkate." Nilirudi ofisini nikapekua hesabu zote upya hadi jioni bila kula, baba yenu akadhani nimefiwa.

Ndipo tukaweka fungu la mkaidi. Katika kila kundi la miradi, mahali pamoja padogo patengwe, na hapo tufanye kinyume cha modeli inavyoshauri, kisha tutazame. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa, na si uongo. Lakini mkuu ambaye hajawahi kubishiwa atajuaje kama asemayo ni kweli? Mradi usio na fungu la mkaidi msiuite mradi. Huo ni mlango uliofungwa kwa nje.

Haya. Tuje kwenye hii bangili ya mpira mkononi mwangu.

Kipimo, usiiname, mwanangu, sikugombezi. Wiki iliyopita mdogo wako aliniletea kompyuta nione Mkate unaendaje, nami katikati ya unga na sabuni nikaona mradi usio na mteja, jina lake Mama. Nikaufungua. Nikaona mapigo ya moyo wangu, usingizi wangu, na jinsi ninavyokwenda msalani. Uliniambia bangili ni ya kumtumia daktari habari, kumbe ilikuwa inakutumia wewe. Najua ulikuwa na hofu, na mwenye hofu hushika kilicho karibu. Chako cha karibu ni hesabu. Nimelia kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunihesabu kwa mapenzi namna hiyo.

Lakini umeniweka kwenye Mkate. Mimi, mama yako, kwenye Mkate, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa fupi! Na Mkate huangaliwa ukikosea tu, na huu hauwezi kukosea. Unasema nikishuka ngazi nitaanguka. Basi sishushwi, basi sianguki, basi uko sahihi. Nalala kwa kuwa ni dhaifu, nadhoofu kwa kuwa nalala, na kila kukicha unaniona nimepungua kuliko jana, nawe unakaza kamba. Daktari alisema nisijichoshe. Kuzikwa humu hakukusema.

Juzi nilifika kwenye kituo cha kwanza cha ngazi. Bangili ikalia, ukaja mbio ukanibeba kama gunia ukanirudisha, ukiniambia pole mama, pole mama. Nimefungwa, wanangu. Nalisema hivyo hivyo lilivyo kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Dari hii naijua kuliko nilivyomjua baba yenu. Dirisha mlilipaka rangi likagandana na fremu yake. Nasikia mlango wa ofisi ukigonga pale chini, nasikia viti vikiburutwa na mtu akicheka, na sijui anacheka nini, na hilo la kutojua ndilo linaloniua, si moyo. Nataka kukaa kwenye meza yangu. Sitaki kingine kutoka dunia hii.

Kwa hiyo nauhamisha mradi wa Mama kutoka Mkate, nauweka Pumzi, mahali pake. Na wa Pumzi hauzimwi bila wawili. Wawili wenyewe ni ninyi.

Usinitazame mimi, kifungua mimba. Mtazame yeye. Sema naye.

... Sauti zenu ni nzuri zikiwa pamoja. Nilikuwa nimesahau. Ndiyo, Kipimo, huenda nikaanguka. Dada yako amekujibu vizuri, na mimi siongezi. Usilie juu ya mkono wangu, utailowesha hiyo bangili ikupigie kelele. Ifungueni, maana mmekubaliana. Wote wawili, mmoja ashike huku, mmoja huku. Taratibu, ngozi imekuwa karatasi.

Ah. Mkono mwepesi huu.

Naishiwa pumzi, basi niyamalize. Nguo zangu gawaneni msibishane. Meza yangu asipewe mtu, iwe ya atakayetaka kubisha. Kila mradi mtakaouzaa, siku hiyo hiyo mwambizane nani ana haki ya kuuzima. Mkikosea, mkosee... mkosee mkiwa mnasemeshana. Mungu awape kesho njema, na awape moyo wa kuistahimili ikija sivyo mlivyoikisia. Radhi yangu mnayo, wote watatu, kwa usawa, haina fungu kubwa wala dogo.

Sasa niinueni. Mkubwa kulia... Kipimo kushoto. Wewe mdogo tangulia, ukawaambie wa chini wanivutie kiti.

Leo fungu la mkaidi ni mimi. Nikifika chini, andikeni. Nisipofika... andikeni vilevile.

Haya. Fungueni mlango.