Mzee Iddi na Kipande cha Ukuta wa Jego

Tarehe 31 Desemba 1974 Mzee Iddi Chande atavua koti lake la kazi kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na miwili katika duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Ukunda. Alianza Uhuru haujafika, akipakua saruji. Anaondoka akiwa mkuu wa upande wa keekee za kutobolea na bisibisi, na mimi jirani yake wa upande wa rangi sina furaha hata chembe. Nimeombwa niandike maneno ya kuchangamsha. Haya, nitajaribu.

Wateja wapya walidhani mzee ana wazimu. Mtu aliingia kuulizia keekee ya umeme, naye mzee alimwamkia vizuri, akamwuliza habari za nyumbani, kisha akamwambia akalete kipande cha ukuta wake. Ukuta, jamani! Alikibana kwenye jiliwa pale mezani, akakitoboa mbele ya mwenyewe. Mwenye ukuta wa zege alipewa keekee inayogonga huku ikizunguka. Jiwe la matumbawe alikataa katakata ligongwe, maana lingemeguka lote. Na aliyetaka kufunga bawaba za kabati tu alishauriwa aachane na umeme, achukue bisibisi ya kusukuma, viganja vipumzike.

Bwana Kavumbi wa Msambweni alituletea pande zima, akaishia kununua saruji kwanza ya kuziba tundu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Meneja alinung'unika kuhusu vumbi, lakini keekee za Mzee Iddi hazikurudishwa dukani.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipakwepa. Nyumbani Jego, mkewe, marehemu Bi Mwanapili, aliomba rafu moja tu ya vikombe alivyotunzwa harusini, vilivyokaa miaka yote chini ya kitanda. Mzee alikwenda nyumbani kila mwisho wa mwezi, akafika amechoka, akasema mwezi ujao inshallah. Basi asubuhi moja Bi Mwanapili akatokea hapa mwenyewe, akapanga foleni na wateja wengine, kipande cha ukuta wa udongo kimefungwa kwenye leso. Zamu yake ilipofika, akamwuliza mumewe kwa adabu zote kama atahudumiwa au akatafute fundi mwingine. Duka zima lilivunjika mbavu, na mzee mwenyewe alicheka huku akijifuta jasho.

Alimchagulia keekee ya mkono. Jego hakuna umeme, na ukuta wa udongo wataka kutobolewa taratibu. Akaiweka chini ya meza aende nayo mwisho wa mwezi. Ilikuwa imebaki hiyo moja. Siku chache baadaye akaja baba mmoja kutoka Majoreni, ana harusi ya binti na milango haijafungwa bawaba, naye mzee kwa huruma zake akampa ile ile, akijua shehena nyingine iko njiani. Shehena ikachelewa. Bi Mwanapili akashikwa na homa, na keekee nyingine zilipofika tulikuwa tumeshamsomea hitima.

Kile kipande hakijaondoka mezani hadi leo. Na kila mume aliyenunua keekee tangu hapo, mzee alimsihi atoboe siku hiyo hiyo, asingoje mwisho wa mwezi. Inaniuma, nasema kweli.

Tulipanga kumzawadia saa ya ukutani. Akashukuru, akatuomba radhi, akasema angependa keekee ya mkono, pamoja na kile kipande. Tundu alilolichimba Bi Mwanapili bado liko wazi, hajamruhusu mtu aliguse. Atakirudisha kipande mahali pake kwa udongo mbichi, asubiri ukauke, kisha atundike rafu hapo hapo.

Mzee wetu, ahsante kwa yote, na Mola akupe afya na maisha ya raha huko Jego. Vikombe ukishavipanga, tuite tuje tunywe kahawa. Kaimati nitakuja nazo mimi.

Biasha Randu, upande wa rangi