Mwalimu Sadala Mfaume na Aya za Huseni

Tarehe 30 Juni 1938 Mwalimu Sadala Mfaume anastaafu, miaka thelathini na minne tangu aliposhika chaki kwa mara ya kwanza. Tukiondoa kipindi ambacho vita vya Wajerumani na Waingereza vilifunga shule, muda wote huo ameutumia Mtawanya na hapa Kibiti, akifundisha watu kuandika Kiswahili kinachosomeka.

Sisi tuliofanya naye kazi tunamjua kwa ukali wake juu ya aya. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kumpelekea barua ya kuomba ruhusa, akarudishiwa papo hapo. "Homa, msiba na paa linalovuja umevirundika pamoja," alisema Mwalimu. "Nikuruhusu kwa lipi?" Darasa lake hutumia muhula mzima kwa aya tu: jambo moja, sentensi ya kulitambulisha, nyingine za kulieleza, kisha mtoto apumue ndipo aanze jingine. Wakaguzi walilalamika kwamba anachelewa. Hakuwahi kuharakisha.

Sababu alitueleza mara moja, mwaka jana, mvua ilipotufungia ofisini.

Alianza kazi Mtawanya mwaka 1904, kijana mgeni, pamoja na mkewe Mwanawetu, mwenyeji wa Mbuchi. Wanafunzi walikuwa vijana wakubwa, wengine wana ndevu. Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji vikazuka Umatumbi, habari za dawa ya maji zikatufikia huku, na darasa likaisha. Wengine waliingia vitani, wengine walikimbia na wazazi wao. Majirani walimwona Mwalimu ni mtu wa Wajerumani. Wajerumani walimwona ni mtu wa majirani. Mwanawetu akafunga mzigo wake kurudi kwao.

"Twende wote," alimwambia.

Mwalimu akajibu kwamba wanafunzi wakirudi lazima wamkute.

"Basi kaa na shule yako," akasema mkewe, akaenda. Huko Mbuchi akashikwa na homa, akafariki. Habari zilimfikia mumewe wakati maziko yamekwisha.

Baada ya vita ikaja njaa. Aliyerudi darasani ni mmoja tu, Huseni. Walikuwa wawili katika chumba kilichozoea kelele. Mwalimu alimwambia aandike yaliyomsibu, naye akajaza kibao pande zote mbili bila kituo hata kimoja: baba kapigwa risasi, ghala limechomwa, mama, mizizi ya porini, dada yake Biasha, tena baba. Mwalimu akamtaka apange. Huseni akakisukuma kibao.

"Vilikuja vyote pamoja, Mwalimu. Nivitenganishe vipi?"

Mwalimu akakirudisha kibao mbele yake. Kisha akasema, "Usiwazike wote kaburi moja. Kila mtu mpe aya yake. Unataka tumjue nani kwanza?"

"Biasha," alijibu Huseni, akalia.

Siku ile aliandika habari za Biasha peke yake: alivyokuwa mfupi, alivyocheka katika chuo cha Kurani hadi akafukuzwa, alivyogawa mizizi na kujisahau mwenyewe. Aya ya mama ilifuata wiki nyingine. Aya ya baba ilichelewa sana, na Mwalimu hakumhimiza. Wanafunzi wapya walipoanza kuja, Huseni ndiye aliyewapokea na kuwaonyesha pa kukaa. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilimchukua kuwa mpagazi. Hakurudi.

Tulimwuliza Mwalimu kama naye alimwandikia Mwanawetu aya yake. Aliinuka, akaenda kutazama mvua.

Hakuoa tena. Wanafunzi wake leo ni makarani, walimu na wafanyabiashara, na barua zao hutambulika tangu mstari wa kwanza. Sasa anahamia Kiongoroni, karibu na bahari, ambako hakuna shule wala mtu amjuaye. Wazee wa huko wamempa nyumba ndogo, naye ameahidi kuwafundisha wakata mikoko kuandika. Tulimsihi abaki Kibiti, tukamwuliza atawezaje kuishi na wageni katika umri huu.

"Nimezoea," akasema.

Mwalimu, tunakushukuru kwa subira yako, na kwa kila karatasi uliyoturudishia. Nenda salama. Tunakuombea afya njema, usingizi mtulivu, na mtu wa kula naye.