Taya Jipya la Ntate Lesiba

Kahawa ya mama muuzaji wetu, Mma Kgaugelo, hunywewa kwenye benchi lake, nje ya stesheni ya Mamelodi. Ukiipeleka nyumbani inakufa. Kila asubuhi utatukuta hapo: mimi; Breki, dereva mstaafu wa lori; na yule tunayemwita Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata kikao cha mtaa. Mzee mwenzetu, Ntate Lesiba, fundi wa kuchomelea vyuma, tulimkosa tangu uvimbe ulipomharibu taya la chini na madaktari wakalikata. Alijifungia ndani, akanywa uji kwa mrija, skafu usoni. Leo kaja bila skafu. Kanunua andazi la moto, kalitafuna mbele yetu.

— Mungu wangu! — Breki akaruka. — Umeota mfupa?

— Titani, — akajibu Lesiba. Sauti ilikuwa nzito kidogo, lakini ni yake. — Maabara ya serikali, hapo Pretoria. Wanachukua mchanga mweusi wa pwani, wanatoa humo unga wa chuma. Mwali wa leza unauyeyusha, tabaka juu ya tabaka, mpaka linatoka taya.

— Si litashika kutu na uji?

— Halishiki.

— Na radi? — Waziri akasogea pembeni. — Mvua ikinyesha usinikaribie.

— Radi kitu gani! — akasema Breki. — Huyu sasa anakamata redio. Lesiba, hebu achama tusikilize mpira.

Tukacheka, naye akacheka, na taya likacheka naye. Kisha akatusimulia. Taya la kwanza lilipasuka kwenye mashine ya majaribio, kabla halijamgusa. Dakta Mokgadi Sebola, mkuu wa kazi ile, alimwita akamwonyesha ufa. “Ntate, hili lingekuvunjikia mdomoni. Nivumilie.” Wakachuja unga upya, wakabadili joto. La pili wakalivunja makusudi, wajue nguvu yake inaishia wapi. La tatu ndilo hili alilonalo.

— Mimi ningekimbia, — nikasema.

— Nilitaka. Lakini maisha yangu yote kwenye vyuma, sijaona fundi anamwita mteja amwonyeshe kosa lake mwenyewe. Nikamwambia, mama, endelea. Nipo.

Waziri akavua kofia. — Na mimi nilidhani wale wanakula kodi zetu tu.

— Kumbe wanazigeuza meno! — akasema Breki. — Kesho watatoa moyo wa titani.

— Moyo ni kitu kidogo, — akadakia Waziri. — Watatoa mke mzima, asiyechoka.

— Thubutu! — Mma Kgaugelo akainua upawa.

Mwanamke mmoja tusiyemjua, aliyekuwa akisubiri treni, akageuka na kikombe chake.

— Samahani, baba zangu. Huyo daktari ameshamwona mzee huyu akila?

Lesiba alitoka hospitali akiwa na bandeji mpaka machoni. Hivyo ndivyo Dakta Mokgadi alivyomwona mara ya mwisho.

— Treni ya Pretoria saa ngapi, mwanangu? — Lesiba akamuuliza yule mwanamke.

— Ndiyo hii inaingia, baba.

Lesiba akajifuta mdomo kwa kiganja, polepole, akapanda.