Kistari Si Sifuri: Historia ya Mhesabu Ndege Wetu

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, familia imemkabidhi dada mkubwa wa marehemu karatasi hii aisome, naye, kwa kuwa alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini na minne, anaomba asikilizwe mpaka mwisho, kwani yako ya kufurahisha na yako machungu, na yote ni ya marehemu.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha mwisho cha nyumba za wafanyakazi wa bandari, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, akachelewa kusema hadi majirani wakaanza kunong'ona, mama akawajibu kwamba mtoto huyu si bubu, ana kazi ya kuangalia, akimaliza atasema.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, na mwaka uliofuata, alipoingia darasa la pili, alimkuta dada yake huyu akiwa mwalimu mpya wa miaka kumi na tisa, aliyewafundisha watoto kwamba hesabu usiyoijaribu uichoree kistari, na hesabu uliyoifanya ukapata hakuna kitu uiandikie sifuri, ili mwalimu ajue nani amekosa na nani hakufika. Wenzake waliisahau kanuni hiyo kabla ya kengele kulia, yeye akatoka nayo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971 na kidato cha nne mwaka 1975, akafanya kazi katika ghala la saruji, kisha tarehe 1 Julai 1979 akaajiriwa na hifadhi ya pwani kuwa mlinzi wa lango.

Kwa miaka minne na nusu alikata tiketi na kufungua geti, akiwatazama wageni waliokuja na darubini shingoni na kurudi na matope magotini wakiwa na furaha, hadi mmoja wao alipomwachia darubini kuukuu yenye kioo kimoja chenye ufa, naye akaanza kuwajua ndege wa pwani, kutofautisha kitwitwi mmoja na mwingine kwa namna wanavyokimbia tu, na sululu kwa mlio wake kabla hajamwona. Tarehe 1 Februari 1984 alifanywa mhesabu ndege, kazi ya kwenda mara mbili kila mwezi, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kwenye uwanja wa tope ulio kusini mwa mikoko, na kujaza fomu ya aina za ndege na idadi yao. Kuanzia hapo watoto wa mtaani wakamwita Darubini, na akaitika.

Tarehe 22 Novemba 1986 alifunga ndoa na mke wake, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi, baada ya kwenda kujitambulisha ukweni akiwa amechelewa na viatu vimejaa tope, ambapo mama mkwe, alipoelezwa kazi ya kijana huyo, aliuliza kwa upole kwamba ndege wakishahesabiwa wote atafanya kazi gani. Walijaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1987, wa kiume mwaka 1990, na kitinda mimba wa kike mwaka 1995, na wote watatu walijua kuhesabu kwa makumi kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Tarehe 3 Septemba 2015 marehemu aliteleza kwenye daraja la mbao ndani ya mikoko, akavunjika mfupa wa paja, akalazwa na baadaye kuuguzwa nyumbani hadi mwisho wa Aprili 2016, miezi minane, na ndiyo miezi ambayo ndege wa mbali hujaa pwani yetu. Ofisi ya hifadhi haikumtuma mtu mwingine kuhesabu. Fomu kumi na sita zililetwa kitandani kwake azitie sahihi, akachora kistari katika kila chumba cha kila fomu, akatia sahihi, akazirudisha.

Ofisini kompyuta ilikataa kistari, ikataka namba, na karani, aliyekuwa na wiki tatu tu kazini, akaweka sifuri. Agosti 2016 ikatoka taarifa kwamba ndege wameuhama uwanja wa tope, chini yake pakiwa na jina la marehemu kama mhesabu, na Januari 2017 uwanja ule ukaondolewa katika hifadhi, ukafukiwa kwa kifusi ili uwe yadi ya makontena.

Marehemu alikwenda kwa mkuu wa hifadhi kwa mkongojo, akamwambia, "Sifuri maana yake nilikwenda, nikaangalia, nikakosa. Mimi sikwenda." Mkuu akamjibu, "Mzee, si yale yale? Namba hazipo." Familia imeyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kwa sababu ndiyo jibu pekee alilowahi kupewa, maana barua saba alizoandika kati ya mwaka 2016 na 2022, akiomba tu jina lake lisafishwe kwa mstari mmoja wa masahihisho, zilijibiwa kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2017, lakini aliendelea kwenda kila bamvua, akihesabu kutoka nje ya uzio, na msimu wa kwanza ndege walirudi, wakazunguka juu ya kifusi wakitafuta pa kutua, naye akawaandika. Tarehe 28 Oktoba 2019 alikwenda, akaangalia tangu asubuhi hadi maji yakajaa, akaandika sifuri kwa mkono wake mwenyewe, na ofisini wakasema, mnaona, si tulisema.

Waokota chaza waliopoteza uwanja ule waliamini kwamba yeye ndiye aliyewauza, na jina la Darubini likabadilishwa, akawa Mzee Sifuri, sokoni, kwa kinyozi na hata kwenye foleni ya maji. Wako hapa leo baadhi ya waliomwita hivyo, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba wasikie leo alichowaeleza miaka sita wakacheka.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2021, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku ya Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, katika wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, akiwa na mke wake, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao hawakumficha kitu, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, na kati ya wenzake wa kazini inamshukuru karani yule, aliyefika wodini akalia, marehemu akamshika mkono na kumwambia kwamba kosa lake lilikuwa la siku moja, waliolijua na kuliacha ni wengine.

Ofisi ya hifadhi imeleta salamu za rambirambi, zina muhuri na zimeandikwa vizuri, ikaomba zisomwe baada ya historia hii. Familia imekaa, imekubaliana, na imemwagiza dada mkubwa aseme mbele ya mkuu aliyeketi safu ya kwanza kwamba salamu hizo zimepokelewa na zinafanyiwa kazi.

Mdogo wangu, wewe ulikwenda, ukaangalia, ukaandika ulichokiona. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.