Umeneja wa Kantini

Fundi wa mabomba alikaa nyuma ya watu wawili waliotambuana kuwa watu wa jikoni mle mle ndani ya basi, kwa makovu ya mafuta ya moto mikononi. Mwanamke alikuwa mpishi wa kantini ya hospitali. Mzee aliyekaa naye alikuwa meneja wa jiko la hoteli.

"Leo wananipa umeneja, baba," mpishi alisema. "Nikifika tu, wanataka jibu."

"Hongera, binti yangu. Saa za ziada unalipwa?"

"Nalipwa. Ndiyo ada ya watoto."

"Basi ziage. Meneja hana saa za ziada. Ana cheo, na cheo hakiwekwi chunguni."

Fundi akamkumbuka msimamizi wake, mwenye tai shingoni na viatu vilivyotoboka.

"Mbona nyie wa hoteli mnalipwa vizuri?" mpishi aliuliza.

"Hoteli kubwa, ndiyo. Na ukiwa na cheti. Jiko likiuza sana, na meneja anaongezewa. Sasa kantini yenu, nani atauza sana? Mgonjwa haongezi sahani."

Mpishi alicheka kidogo. "Na nikikataa?"

"Watamleta mwenye cheti. Utamfundisha jiko lako, halafu atakuamrisha humo humo."

"Wewe ulikubali?"

"Nilikubali."

"Unajuta?"

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mpishi alishuka, akageuka pale chini kumngoja ajibu. Mzee aliinua mkono dirishani, na fundi hakujua kama anamuaga au anamkataza.